Mbele ya kununua mfuko wa maziwa ya poda, tusome mfuko



Ulizo moja linarudi mara mingi: koperative ya Musonoi inaweza kununua mifuko ya kilo 25 ya maziwa ya poda, kutengeneza yaurti, na kuiuzisha sokoni Kolwezi? Jibu letu ni ndiyo. Huku kwetu maziwa ya ng'ombe ni kidogo, na watu wa kununua wako. Lakini koperative inayochagua mfuko kwa kuangalia bei tu inaweza kupoteza pesa ya wanamemba wote, tena kuharibu afya ya watoto. Kwa hiyo tujifunze mambo manne ya kuangalia mbele ya kutoa pesa.

1. Poda si moja

Kanuni za chakula za mataifa, zinazoitwa Codex Alimentarius, zinatenganisha poda hizi:

- Poda ya maziwa kamili: ina mafuta ya maziwa asilimia 26 au zaidi.
- Poda ya maziwa yaliyotolewa mafuta: mafuta yake hayapiti asilimia 1.5.
- Poda ya mchanganyiko: mafuta ya maziwa yametolewa, na pahali pake wameweka mafuta ya mimea, mara mingi mafuta ya ngazi. Codex iliiwekea kanuni yake ya peke mwaka wa 2006.

Poda ya tatu si sumu, na kuiuzisha si kosa, kama etiketi inasema wazi ni nini. Kosa ni kuiuzisha kwa jina la maziwa kamili. Rangi na harufu haviwezi kukuonyesha tofauti. Etiketi ndiyo inayosema. Ukiona maneno « matière grasse végétale » ao « huile de palme », ujue ni poda ya mchanganyiko, hata kama kuna picha ya ng'ombe mbele ya mfuko.

Poda inayopimwa kwa kikombe kutoka mfuko uliofunguliwa, bila etiketi wala tarehe, koperative isiinunue. Poda nzuri haipitishi asilimia 5 ya maji. Ikikaa wazi inavuta unyevu, inafanya mabonge, na inaharibika.

2. Makaratasi ya mpaka

Poda mingi inayofika kwetu inapita Kasumbalesa, kutoka Zambia ao kutoka bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban. Pale mpakani kazi zimegawanyika: DGDA inatoza ushuru wa duane, na OCC inapima kama bidhaa ni nzuri na inafuata kanuni. Muombe muuzaji kopi ya karatasi za hawa wawili, na mulinganishe namba ya loti na ile iliyo juu ya mfuko. Muuzaji anayekataa kuonyesha amekwisha kuwajibu.

Angalieni pia namba ya tarifu kwenye karatasi ya duane. Maziwa ya poda yanaandikwa chini ya 0402. Poda ya mafuta ya mimea kwa kawaida inaandikwa chini ya 1901. Kama muuzaji anasema « ni maziwa kamili » na karatasi inasema 1901, karatasi ndiyo ya kusadiki.

Kwa nini ukali huu wote? Mwaka wa 2008, katika China, watu walitia melamini ndani ya maziwa ili vipimo vionyeshe proteini mingi. Watoto karibu 300,000 waligonjwa, na 6 walikufa. Kwa macho, maziwa yale yalionekana mazuri.

3. Hesabu ya lita

Poda ya maziwa kamili inataka gramu 130 hivi, kisha maji mpaka kufika lita moja. Mfuko wa kilo 25 unatoa basi karibu lita 190.

Tuchukue bei za kujifunzia tu, si bei za soko. Mfuko wa maziwa kamili ni dolari 150, ule wa mchanganyiko ni dolari 110. Tofauti ni dolari 40. Gawanya kwa 190: ni senti 21 kwa lita. Hiyo ndiyo faida yote ya kudanganya. Siku wanunuzi wanajua, koperative inapoteza zaidi ya hiyo.

Juu ya bei ya mfuko muongeze usafiri (kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa 300 hivi), sukari, makaa, vikopo, na yaurti itakayoharibika kwa kukosa baridi. Kisha ndipo mupange bei ya kuuzisha.

Tena musiweke pesa yote kwa njia moja. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, poda inayotoka inje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inawekewa ushuru wa asilimia 60, ili kulinda wafugaji. Mwaka wa 2023 Kenya ilisimamisha hata vibali vya kuingiza poda. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka wa 2022. Kanuni zinaweza kubadilika huku pia, na aliyenunua kwa deni ndiye ataumia wa kwanza.

4. Maji

Kwetu Musonoi hili ni jambo la kwanza. Katika lita moja ya maziwa ya poda, sehemu kubwa ni maji. Mto wetu unapita kati ya migodi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoi kobalti wala shaba. Maji yakipunguka kwa moto, metali inabaki yote. Msitumie maji ya mto. Mutumie maji ya forage yaliyopimwa na laboratware, na matokeo yawekwe ndani ya kaye ya koperative. Kama hakuna maji yaliyopimwa, kazi ya yaurti ingoje.

Na neno kwa wamama: poda hizi tatu si chakula cha mtoto mchanga. Mpaka miezi 6, mtoto anyonye ziwa la mama peke yake.

Maulizo ya kuzungumza katika mkutano

1. Nani kati yetu atasoma etiketi na kuandika namba ya loti kila mara tunaponunua?
2. Maji yetu yanatoka wapi, na yalipimwa lini?
3. Lita moja ya yaurti yetu inatugharimu ngapi, tukihesabu kila kitu?
4. Juu ya kikopo chetu tutaandika nini, ili mnunuzi ajue kweli anachokula?

Koperative ikiweza kujibu yote manne, inunue mfuko mmoja wa kujaribia. Ikikosa jibu moja, pesa ibaki kwanza ndani ya kesi.