Maoni ya Msomaji kama Ushahidi: Riwaya ya Upelelezi ya Kimataifa Mbele ya Msomaji wa Tabaka

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu mwandishi na matini, lakini msomaji hakupewa nafasi kubwa. Upungufu huo hudhihirika zaidi katika riwaya pendwa, ambayo huishi kwa wasomaji wake kuliko kwa wahakiki. Makala haya yanashikilia kwamba maoni ya msomaji wa kawaida ni ushahidi unaostahili kuchunguzwa. Si hukumu ya mwisho, wala si porojo za kupuuzwa. Mfano unaotumiwa ni Kikosi cha Kisasi (1979), riwaya ya Aristablus Elvis Musiba wa Tanzania. Msomaji anayezingatiwa ni msomaji dhahania wa Tabaka, Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Huyu hakuhojiwa, amejengwa kutokana na mazingira yanayojulikana ya mahali hapo.

Msomaji na upeo wake wa matarajio

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, Hans Robert Jauss alitoa mhadhara uliokuwa msingi wa nadharia ya upokezi. Kwa mujibu wa Jauss, hakuna msomaji anayeifungua kazi ya fasihi akiwa mtupu. Kila mmoja huja na upeo wa matarajio unaotokana na vitabu alivyokwisha kusoma, na maisha aliyoyaishi.

Msomaji wa Tabaka huja na upeo gani? Kwanza, lugha yake ya kwanza kwa kawaida ni Ekegusii. Kiswahili amekipata shuleni, sokoni na redioni. Pili, riwaya za Kiswahili alizozisoma kwa makini ni zile za kutahiniwa, mathalani Siku Njema, Utengano, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri. Humo amezoezwa kutafuta maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Tatu, anaishi mahali ambapo neno "kimataifa" si geni. Vinyago, bakuli na kete za sataranji zinazochongwa Tabaka kutokana na mawe laini ya Kisii huuzwa Nairobi na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani.

Aina mbili zinazochanganywa

Kabla ya kuyapima maoni, ni sharti aina ya riwaya ibainishwe. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla ni riwaya ya fumbo. Bwana Msa, ambaye wahakiki wengi humfananisha na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, hutegemea akili kuliko nguvu, na msomaji hushindana naye kumtambua mhalifu. Willy Gamba wa Musiba ni wa ukoo mwingine, ulio karibu na James Bond wa Ian Fleming. Yeye ni jasusi wa serikali, huvuka mipaka na hupambana na njama za kisiasa. Katika Kikosi cha Kisasi anapelekwa Kinshasa, Zaire ya wakati huo, kukabiliana na wauaji wanaotumikia utawala wa Makaburu dhidi ya wapigania uhuru.

Tofauti hii ina uzito. Msomaji akilalamika kwamba adui amejulikana mapema, lalamiko hilo ni zito dhidi ya riwaya ya fumbo. Katika riwaya ya ujasusi halina uzito huo, kwa kuwa swali kuu si "nani?" bali ni "atamshindaje?"

Maoni manne na yanayofichuliwa nayo

Maoni ya kwanza ni kwamba riwaya "inasisimua". Mhakiki asiishie hapo. Aulize msisimko umetoka wapi. Kwa Musiba, hutokana na sura zenye matukio ya kasi, safari za ghafla na lugha nyepesi. Kwa msomaji ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, wepesi huo ndio mlango wa kuingilia.

Maoni ya pili ni kwamba riwaya "haiaminiki", kwa kuwa mtu mmoja huponea chupuchupu kila mara na kuwaangusha maadui wengi. Hapa msomaji anatumia kipimo cha uhalisia alichokipata katika vitabu vya mtihani. Kipimo hicho si kibaya, ila masimulizi ya mashujaa, yakiwemo ya fasihi simulizi, hayajawahi kukitii. Willy Gamba yu karibu zaidi na shujaa wa ngano kuliko na askari wa kituo cha polisi.

Maoni ya tatu ni kwamba riwaya "imepitwa na wakati". Ikumbukwe kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Msomaji wa 1979 aliisoma riwaya hii vita vya ukombozi vikiendelea. Hasira yake ilikuwa tayari kabla ya ukurasa wa kwanza. Aliyezaliwa baada ya 1994 hana budi kuelezwa Kaburu ni nani. Maandishi ni yale yale. Kilichobadilika ni upeo wa matarajio.

Maoni ya nne huhusu wanawake. Katika riwaya za aina hii, mwanamke mara nyingi huletwa kwa sifa za urembo wake, awe mshirika wa shujaa au mtego wa adui. Tabaka, kwa desturi, wanaume ndio huchonga, na wanawake huosha na kusugua kinyago mpaka king'are. Binti aliyelelewa humo anajua kwamba pasipo mikono ya wanawake kinyago hakifiki sokoni. Akiuliza kwa nini kazi ya wanawake katika riwaya haionekani ila kwa macho ya shujaa, amefanya uhakiki wa kifeministi hata kama hajalisikia jina lake.

Hitimisho

Mjadala huu una athari zinazovuka ukumbi wa mihadhara. Wanafunzi wengi wa Kiswahili watakuwa walimu, na baadhi yao watafundisha katika shule kama za Tabaka. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kitabu alichokipenda si fasihi anaweza kukiamini kipimo hicho, kisha akaacha kusoma Kiswahili pindi mtihani unapokwisha. Kwa upande mwingine, mwalimu anayepokea kila maoni bila kuyahoji hamfundishi mtu kitu.

Njia ifaayo ni ya upelelezi wenyewe. Mwalimu aandike maoni kama yalivyotolewa, amtake msomaji aonyeshe ukurasa uliomfanya aseme hivyo, kisha darasa lipambanue: je, sababu imo katika matini, katika kanuni za aina ya riwaya, au katika maisha ya msomaji? Mara nyingi itapatikana katika zote tatu. Darasa likifika hapo, "inasisimua" na "haiaminiki" hazitakuwa tena maneno ya kufutwa ubaoni. Zitakuwa mwanzo wa uhakiki.