Tiba ya Mwendo wa Macho kwa Kumbukumbu Zenye Maumivu

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, alipokuwa akitembea bustanini, alitambua kuwa mawazo yaliyomsumbua yalipungua makali kila mara macho yake yalipokwenda upesi huku na huku. Uchunguzi wake wa kwanza ulichapishwa mwaka 1989.

Tiba iliyozaliwa hapo ina hatua 8, na zile za mwanzo hazihusu macho kabisa: mtaalamu husikiliza historia ya mgonjwa na kumfundisha kujituliza. Kuziruka ni hatari, kwani kumbukumbu iliyofumuliwa kabla mgonjwa hajajimudu humrudisha katika hofu ileile. Ndipo mgonjwa huishika akilini taswira iliyo mbaya zaidi, hukadiria uchungu wake kuanzia 0 hadi 10, kisha hufuata kwa macho vidole vya mtaalamu kwa takriban nusu dakika. Hupumua, husema kilichomjia, na zoezi hurudiwa. Halazimiki kusimulia mkasa wote, nafuu isiyo ndogo kwa aliyebakwa au aliyenusurika vitani.

Kwa nini macho? Inadhaniwa kuwa akili ina nafasi finyu ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Taswira inayogombea nafasi hiyo na mwendo wa macho hufifia, na huhifadhiwa upya ikiwa imefifia. Wapo watafiti wanaoshikilia kuwa kinachoponya ni kule kuikabili kumbukumbu tu. Ubishi huo haujaisha, ingawa Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hii mwaka 2013, kwa watu wazima na watoto.

Kikao kikimalizika kabla uchungu haujashuka, mgonjwa hutulizwa kwanza ndipo aruhusiwe kwenda nyumbani.