SOMO LA AFYA: Tezi ya shingo na nguvu za mfanyakazi



Mara nyingi tunapozungumza juu ya afya kazini tunataja mashine zisizo na kinga, dawa za kunyunyizia mimea na vumbi la kiwandani. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao hauletwi na mashine, lakini unaweza kumpotezea mtu mshahara wake na hata kazi yake kwa sababu hakuna aliyeutambua. Mwenye kujua kusoma awasomee wenzake.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ni mchumaji chai, na kwa miaka mingi alikuwa akitimiza kilo zake bila taabu. Sasa anachelewa kufika, anasinzia njiani, vidole vimekuwa vizito, na kapu lake halijai. Nyapara anaandika kuwa ni mvivu. Wenzake wanasema amezeeka. Nyumbani wanadhani amerogwa, maana sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume na uso umevimba. Yeye mwenyewe anasema ana malaria isiyokwisha, na kila wiki ananunua vidonge vya malaria. Wote hao wanaweza kuwa wamekosea, na kipimo kimoja cha damu kingetosha kuonyesha ukweli.

Tezi ya shingo, ambayo waganga huita thairoidi, iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Hutengeneza homoni zinazoingia katika damu na kuuamuru mwili utumie chakula kwa kasi gani: moyo upige namna gani, joto liwe kiasi gani, tumbo lisage vipi, akili iwe nyepesi au nzito. Ili ifanye kazi hiyo inahitaji iodini, ile ambayo Tanzania huitwa madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, kiasi kidogo mno, lakini akikikosa tezi hujitanua ikijaribu kukamata kila chembe inayopita. Kutanuka huko ndiko rovu.

Tezi ikizembea, mwili mzima huzembea. Dalili ni zile za mama wa mfano wetu: uchovu, kuhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, uzito kuongezeka ingawa chakula ni kilekile, kusahau, huzuni, sauti ya kukwaruza. Kwa wanawake hedhi huwa nyingi, na mimba huweza kutoka au kukawia kushika. Wanawake hupata magonjwa ya tezi hii mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na wengine huanza katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, wakati ambapo kila mtu husema, "Ni uchovu wa kunyonyesha tu."

Tezi ikikimbia kupita kiasi, mambo hugeuka. Mtu anakula sana lakini anakonda. Moyo unadunda mbio hata akiwa amelala. Mikono inatetemeka, mwambie anyooshe vidole, uweke karatasi juu yake, utaiona ikicheza. Hawezi kuvumilia joto, na anayefanya kazi karibu na tanuru au mashine ya kukaushia majani ya chai huona hilo mapema kuliko wengine. Anakosa usingizi, anagombana bila sababu, choo kinakuwa laini. Kwa wengine macho hutokeza nje; hao mara nyingi wana ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inaichochea tezi, na sigara huzidisha ubaya wa macho hayo. Kwa kuwa mtu anakonda, watu huanza kunong'ona juu ya UKIMWI. Apimwe yote mawili, na minong'ono iachwe.

Kujitazama si kugumu. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka unapomeza, hiyo ni tezi. Lakini zingatieni: mtu anaweza kuwa na rovu kubwa na homoni zake zikawa sawa kabisa, na mwingine shingo yake ni laini ilhali tezi imezembea. Jicho peke yake halitoshi.

Ndiyo sababu kuna kipimo cha TSH. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo iliyo kama nyapara wa tezi ya shingo, na TSH ndiyo sauti yake. Tezi ya shingo ikitoa homoni kidogo, nyapara hupaza sauti, na TSH hupanda. Ikitoa nyingi mno, nyapara hunyamaza, na TSH hushuka. (Nyapara huyu ana haki kuliko wengine tunaowajua.) Kipimo kikionyesha kasoro, mganga hupima pia homoni yenyewe, iitwayo T4. Zahanati nyingi za mashamba hazina kipimo hiki. Damu hupelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na mjumbe wa chama anaweza kudai mgonjwa apewe ruhusa na barua ya kwenda huko, badala ya kupewa vidonge vya maumivu na kurudishwa shambani.

Tiba ya tezi iliyozembea ni kidonge cha levothairoksini, ambacho ni homoni ileile inayokosekana. Hunywewa kila siku asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, kahawa au chakula. Wengi wetu hukoseana na dawa hii hapo: tunaamka saa kumi na moja, tunameza kidonge pamoja na chai ya maziwa, tunakimbilia lori. Dawa haiingii vizuri mwilini, kisha tunasema haifai. Anayeamka mapema ameze mara tu anapofungua macho. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, wanavyopewa wajawazito, pamoja na vya kalisi, vikae mbali nayo kwa saa nne. Baada ya wiki sita hadi nane damu hupimwa tena na kiasi hurekebishwa. Kwa wengi ni dawa ya maisha yote. Mtu akipona uchovu asiiache, maana uchovu utarudi polepole bila yeye kujua. Mama akishika mimba amwambie mganga mara moja, kwa kuwa mara nyingi kiasi hulazimika kuongezwa.

Tezi inayokimbia hutulizwa kwa kabimazoli au dawa ya ukoo wake, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi. Propranololi hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko wakati dawa hiyo inaanza kufanya kazi, lakini mwenye pumu asipewe bila mganga kujua. Jambo moja lazima likumbukwe na kila anayetumia kabimazoli: akipata homa na koo kuuma, aache dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo akahesabiwe chembe nyeupe za damu, kwani kwa watu wachache dawa huzimaliza. Asiseme ni mafua. Dawa zikishindwa kuna upasuaji, na katika hospitali kubwa chache kuna iodini yenye mionzi.

Uvimbe mgumu upande mmoja wa shingo, unaokua haraka, unaobadili sauti au kuzuia kumeza, haungojewi. Hupimwa kwa picha ya mawimbi ya sauti na kwa sindano nyembamba, kwani wakati mwingine ni saratani, na saratani nyingi za tezi hii hutibika zikiwahiwa.

Sasa juu ya chakula, maana hapa Kivu ina la kutufundisha. Madaktari waliochunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kuanzia miaka ya 1960, walikuta jambo la kushangaza: iodini ilikuwa haba kaskazini na hata kusini-magharibi, lakini rovu lilikuwa limejaa kaskazini kuliko upande wa pili. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha mkono wa muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi kukamata iodini. Basi wanaoishi kwa ugali wa muhogo wasifupishe siku za kuloweka, hata kama njaa inahimiza.

Kinga kubwa ni chumvi yenye iodini. Nunueni ile ambayo pakiti inasema ina iodini, iwekeni katika chombo chenye kifuniko mbali na unyevu, na itiwe chunguni mwishoni mwa kupika. Mama mjamzito ndiye anayeihitaji zaidi, mikrogramu 250 kwa siku, kwa sababu mtoto akiikosa tumboni ubongo wake hudumaa. Mtoto mchanga anayelala kupita kiasi, mwenye ulimi mkubwa, choo kigumu na manjano ya macho yasiyokwisha, apelekwe kupimwa bila kungoja: dawa ikianza katika wiki za kwanza huokoa akili yake, na ikichelewa miaka haiwezi kurudisha kilichopotea.

Lakini msinywe matone ya iodini kwa kujitibu rovu. Miaka ya 1990, chumvi ya iodini ilipoenea Kivu, madaktari waliona watu ambao tezi zao zilianza kukimbia. Tezi iliyokaa na njaa kwa miaka mingi huweza kupotewa na akili inaposhibishwa ghafula. Hiyo si sababu ya kuikataa chumvi, ambayo imewafaa watu wengi mno. Ni sababu ya mwenye rovu la zamani kwenda kupimwa akiona moyo unadunda na mwili unakonda.

La mwisho ni kwa vibarua wa msimu. Anayehama shamba moja kwenda jingine aombe zahanati imwandikie jina la dawa, kiasi chake na tarehe ya kipimo cha mwisho, na achukue vidonge vya kumfikisha mpaka atakapoonana na mganga mpya.