Kibarua wa Siku au Mfanyakazi wa Mwezi? Fahamu Sheria Inavyosema

Kila alfajiri, wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Kayaba hutembea hadi malango ya viwanda vya Industrial Area, kando ya barabara za Lunga Lunga, Enterprise na Likoni. Wengine hutafuta kazi ya siku moja. Wengine wamepita lango lilelile kwa miaka, wakisimamiwa na supavaiza yuleyule, lakini bado huitwa vibarua. Wapo pia walioweka sahihi karatasi inayowaita wakandarasi. Siku wanapoambiwa "kesho usije", huondoka bila notisi wala malipo ya likizo, wakidhani hawana haki yoyote.

Kibarua ni nani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 2, inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja.

Hugeuka lini?

Kifungu cha 37 kinataja hali mbili. Ya kwanza ni kufanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi. Ya pili ni kufanya kazi ambayo kukamilika kwake huchukua jumla ya miezi mitatu au zaidi. Hapo mkataba huhesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na notisi ya kuuvunja ni siku 28.

Chukua mfano wa mama anayepakia sabuni Jumatatu hadi Jumamosi kwa wiki tano. Jumapili hupumzika, na katikati kuna sikukuu ya umma. Je, mfululizo umekatika? La. Sheria huhesabu siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, pamoja na sikukuu, kuwa sehemu ya mfululizo.

Akifikisha miezi miwili tangu aanze, anastahili masharti sawa na ambaye hakuanza kama kibarua. Kwa mfano, hupata likizo ya ugonjwa, na akitimiza miezi 12, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi.

Na anayeitwa mkandarasi?

Fundi anayeletwa kukarabati paa hupatana bei, huja na vifaa na wasaidizi wake, na akimaliza huenda kwa mteja mwingine. Huyo anajitegemea. Anayepangiwa saa za kuingia na kutoka, akatumia mashine ya kiwanda na kuomba ruhusa ili akosekane, hali yake ni nyingine. Mahakama huangalia kazi inavyofanyika, si jina lililo kwenye karatasi pekee. Tena kifungu cha 3 kinabatilisha makubaliano yoyote ya mfanyakazi kuacha haki za chini zilizowekwa na Sheria hiyo.

Ushahidi ni muhimu

Mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi 68 dhidi ya kampuni ya Krystalline Salt. Mahakama ilitofautisha ajira ya muda usiotajwa, ya muda maalumu, ya kazi ya kipande na ya kibarua. Wafanyakazi hao walionekana kuwa wa kipande, na dai lao la kugeuzwa kutoka ukibarua halikufaulu. Funzo ni kwamba mfanyakazi ajue analipwa kwa siku au kwa kipimo cha kazi, na aweze kuonyesha siku alizofanya kazi.

La kufanya

• Andika kwenye daftari tarehe ya kila siku ya kazi, saa na malipo.
• Hifadhi kadi ya lango, jumbe za malipo kwenye simu na rekodi za NSSF.
• Kumbuka majina ya wenzako wa zamu. Wanaweza kuwa mashahidi.
• Soma karatasi kabla ya kuweka sahihi, na uombe nakala.
• Ukifutwa isivyo haki, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa Wizara ya Kazi ndani ya miezi mitatu. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Mwajiri naye ana wajibu. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, na ni yeye anayepaswa kuuandaa. Akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye.