KIJANA, UNALIDHARAU JEMBE LA BABA YAKO?

Somo: Maisha ya mkulima anayeishi kwa ajili ya nyumba yake na jirani zake
Soma mwenyewe: 1 Wafalme 21:1-3, Walawi 19:9-10, Luka 12:16-21

Kijana mpendwa, karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usiifungie karanga. Isome mpaka mwisho, ni dakika chache tu.

Nina swali moja kwako. Mtu akikuuliza, "Baba yako anafanya kazi gani?" wewe unajibu nini? Vijana wengi hapa Singe na Babati mjini utawasikia wakisema, "Mzee hana kazi, ni mkulima tu."

Hebu lisikilize hilo neno "tu". Ugali uliokula jana ulitoka wapi? Sare uliyovaa shuleni ilinunuliwa na nini? Ulipougua usiku ukapelekwa hospitali, ni gunia la nani liliuzwa? Kumbe hiyo "tu" ndiyo iliyokulea!

1. MKULIMA HALI PEKE YAKE

Mtazame mkulima wa kweli. Anaamka kabla hakujapambazuka. Anafunga ng'ombe kwenye plau, anafungua ardhi ambayo bado haijampa kitu. Anachukua mahindi ambayo angeweza kuyala, anayafukia udongoni. Halafu anangoja mvua isiyomwahidi lolote. Anapalilia, anafukuza ndege na ngedere, anavuna. Na akishavuna, yeye ndiye wa mwisho kuhesabiwa. Kwanza watoto, kwanza mbegu ya mwakani, kwanza deni la dukani. Viatu vyake vinangoja.

Na siyo nyumba yake peke yake. Kukiwa na msiba kwa jirani, debe la mahindi linatoka kwake. Mjane akikosa ng'ombe wa kulimia, anaazimwa. Darasa la shule likijengwa, anasomba mawe.

Katika sheria ya Musa mkulima aliagizwa asivune mpaka pembeni kabisa mwa shamba, wala asirudi kuokota masazo. Hayo yaachwe kwa maskini na mgeni. Kumbe tangu zamani shamba lilikuwa na mlango wa jirani! Yule tajiri wa Luka 12 naye alikuwa mkulima, na shamba lake lilizaa sana. Lakini alipopanga mipango yake hakumtaja hata mtu mmoja. Alisema tu ghala zangu, mazao yangu, nafsi yangu. Usiku ule ule akafa. Wote wawili wanalima, tofauti yao ni nani anayekula nao.

2. MBAAZI INAKUFUNDISHA

Wazee wetu wana methali: Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Maana yake, mtu aliyeshindwa hutafuta wa kumlaumu. Wewe leo unamlaumu nani? Serikali? Mji? Mzee wako?

Babati yetu inajulikana kwa mbaazi. Mkulima anazipanda pamoja na mahindi katika shamba moja. Mahindi yanakua haraka yanavunwa, mbaazi zinabaki. Jua la kiangazi linawaka, nyasi zinakauka, lakini mbaazi bado ni kijani. Kwa nini? Mizizi yake imeshuka chini sana, inafuata unyevu ambao mmea mwingine haufiki. Tena kwenye mizizi ile kuna vinundu vyenye vijidudu vinavyochukua hewa ya naitrojeni na kuigeuza kuwa mbolea. Majani yakidondoka yanarutubisha udongo. Miti yake inakuwa kuni za mama. Mbaazi inakula na huku inalisha shamba! Ndivyo alivyo mkulima mwema katika kijiji.

Lakini mkulima naye hupigwa. Mwezi wa nane mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliwekea mipaka mbaazi kutoka nje, tani 200,000 tu kwa mwaka kutoka dunia nzima. Wakulima wao walikuwa wamevuna sana. Huku kwetu bei ikaanguka vibaya. Mtu alikuwa amepanda akitegemea kusomesha watoto, akakuta gunia halinunuliki. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo India ilipofungua tena mlango.

Sasa jiulize: katika miaka ile nyumba zilikula nini? Aliyepanda mahindi na mbaazi pamoja alikuwa na ugali, na mbaazi zisizouzika zikawa mboga. Hakutajirika, lakini watoto hawakulala njaa. Wewe ulimwona mzee wako mwaka ule, akapiga kimya, msimu uliofuata akashika jembe tena. Ulidhani ni ujinga. Ule haukuwa ujinga, kijana, ule ni upendo wenye sugu mikononi.

3. WAKULIMA WALIOOKOA MSITU

Usifikiri mkulima anaweza kulinda shamba lake tu. Hapa hapa wilaya ya Babati kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, kama hekta 9,000, umezungukwa na vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji wakaona, ah, msitu unakwenda! Watu wakaingia kukata haraka kabla haujafungwa. Miti ikawa inaisha.

Ndipo wakulima wakasema: tuachieni sisi, tutaulinda wenyewe. Mwaka 1994 wakapewa nafasi hiyo. Vijiji vikakaa mikutano, kila kijiji kikachukua sehemu yake, kikachagua kamati, kikaandika sheria ndogo. Kuchoma mkaa marufuku, kufyeka shamba jipya msituni marufuku. Kuni kavu na nyuki, ruhusa kwa utaratibu. Mwaka 1995 Halmashauri ya Wilaya ikazikubali sheria hizo. Na walinzi wa msitu walikuwa nani? Siyo askari wenye bunduki kutoka mbali. Walikuwa vijana wa vijiji vile, watoto wa wakulima kama wewe!

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kutambua misitu ya vijiji nchi nzima. Watu wa jembe walitangulia, sheria ikafuata. Msitu ule ule uliokuwa unakatwa na kila mtu ulilindwa na watu wale wale, walipojua kuwa ni wao na wa watoto wao.

4. SHAMBA LA NABOTHI

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tangu mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 na Babati ikawa makao makuu, mji unapanuka. Shamba lililo kando ya mji linageuka kiwanja. Anakuja mtu na fedha mkononi, na kijana anaanza kumsumbua mzee: "Baba, tuuze. Nipe changu ninunue bodaboda. Nipe changu niende Mererani."

Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu kando ya jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitaka liwe bustani ya mboga. Akampa masharti mazuri: shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi akakataa. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Alijua kuwa lile shamba halikuanza na yeye, wala halikutakiwa kuishia kwake. Mfalme aliona udongo wa kupanda mboga, Nabothi aliona babu zake na wajukuu zake wamesimama pale. Msimamo ule ulimgharimu maisha.

Sisemi bodaboda ni mbaya. Kuna vijana wanaolisha wazazi wao kwa bodaboda, heshima kwao. Sisemi pia kwamba shamba haliuzwi kamwe, maana ugonjwa huja. Nasema hivi: pikipiki inachakaa, shamba linazaa tena. Ukiuza eneo lote ili upate kitu cha miaka michache, umeuza na chakula cha mdogo wako ambaye hakuulizwa. Mama yako je, aliyepalilia miaka ishirini, ameulizwa?

Na wewe dada, usiambiwe shamba ni la wanaume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume.

5. SASA UFANYE NINI?

Kwanza, mwambie mzee akupeleke shambani akuonyeshe mipaka. Mzee akiondoka bila kuionyesha, ugomvi unabaki.

Pili, lima naye msimu mmoja mzima, tangu kupanda mpaka kuvuna. Usilihukumu jembe ambalo hujalishika.

Tatu, panda miti pembeni mwa shamba. Utakaa kivulini na watoto wako.

Nne, likija neno la kuuza, nyumba yote ikae chini, mama na dada wakiwemo. Asiuze mtu mmoja gizani.

Tano, ukivuna, kumbuka mlango wa jirani.

MASWALI YA KUJIULIZA LEO USIKU

1. Ni watu wangapi wanaokula kutoka shamba la nyumbani kwetu? Nawajua kwa majina?
2. Mzee wangu amejinyima nini ili mimi nifike hapa? Nimewahi kumwambia asante?
3. Watoto wangu watakula wapi?

Ukimaliza kusoma, nenda nyumbani. Ukimkuta mzee anarudi shambani, mpokee jembe, mwambie, "Shikamoo baba, pole na kazi." Kesho alfajiri amka naye.

Mungu akubariki, wewe na nyumba ya baba yako. Ukishaisoma, mpe na mwenzako.