MATUNDU MAWILI YA SKRUBU MOJA

Minembwe iko Fizi, katika Kivu ya Kusini, juu ya milima, zaidi ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari. Ng'ombe wanapata malisho mema huko. Lakini njia ya kushuka mpaka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ni ndefu na mbaya, hasa wakati wa mvua. Kwa hiyo mashine ikiharibika, fundi hawezi kukimbilia dukani. Yampasa kutengeneza kwa mikono yake, tena kwa akili.

Fikirini, watoto, kinu cha kusagia mahindi katika kijiji cha milima hiyo. Kifuniko chake kimepasuka. Akina mama wanangoja na vikapu vyao, na nyumbani watoto wana njaa. Fundi anamwita mwanafunzi wake, anampa bamba nene la chuma, anamwambia: "Mwanangu, tengeneza kifuniko kipya. Skrubu ni nne, za milimeta 8."

Kijana alitazama mwili wa kinu. Aliona kwamba matundu yake yana uzi, yaani mtaro unaozunguka ndani, ambamo skrubu hushika. Akawaza, "Na kifuniko kiwe vivyo hivyo." Akatoboa kwa keekee, akakata uzi katika matundu yote manne. Kisha akakaza skrubu. Lakini kifuniko hakikulala juu ya kinu. Pengo lilibaki, na mashine ilipowashwa, unga ukaruka nje. Kijana akashika ufunguo ili akaze kwa nguvu zaidi.

"Acha!" akasema fundi. "Utavunja uzi wa mwili wa kinu, na mwili mwingine tutaupata wapi?"

"Baba, mbona haukazi? Nimekata uzi vizuri."

"Umekata vizuri mahali pasipotakiwa. Skrubu ya milimeta 8 ikizunguka mara moja, husonga milimeta 1,25. Ikiwa inashika kifuniko na kinu pia, inasonga kiasi kile kile katika vyote viwili. Basi pengo litafungwaje? Kifuniko kiiachie skrubu njia. Kinu kiishike. Hapo kichwa cha skrubu kitakandamiza kifuniko."

Kijana akapanua matundu ya kifuniko mpaka milimeta 9. Sasa skrubu zilipita bila kugusa, zikashika katika kinu, na kifuniko kikalala sawasawa. Unga haukumwagika tena, na akina mama wakasaga mahindi yao.

Basi, kila skrubu ya namna hii ina matundu mawili. Tundu la kupita huwa kubwa kidogo kuliko skrubu. Tundu la kushika hutobolewa dogo kuliko skrubu, ili chuma kibaki cha kukatia uzi. Kanuni yake ni nyepesi: toa mwendo wa uzi katika unene wa skrubu. Skrubu ya 8, toa 1,25, inabaki 6,75. Mafundi hutumia keekee ya 6,8.

Hivi ni vipimo vya kawaida, kwa milimeta:

Skrubu 5: mwendo 0,8, kushika 4,2, kupita 5,5
Skrubu 6: mwendo 1, kushika 5, kupita 6,6
Skrubu 8: mwendo 1,25, kushika 6,8, kupita 9
Skrubu 10: mwendo 1,5, kushika 8,5, kupita 11

Zamani kila karakana ilikata uzi kwa namna yake, na skrubu ya fundi mmoja haikuingia katika kazi ya mwingine. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alishauri mafundi wote wafuate kipimo kimoja. Leo nchi nyingi hufuata vipimo vya milimeta. Ndiyo sababu skrubu iliyotengenezwa mbali sana huweza kuingia katika kinu cha milimani.

Siku hizi mafundi wengi huchora kazi yao kwa kompyuta kabla ya kukata chuma. Lakini kompyuta ni mtumishi tu. Ukichora tundu la 8 kwa skrubu ya 8, itakubali, na mashine itatoboa 8. Skrubu haitashika, wala haitapita kwa urahisi. Mchoraji ndiye anayepaswa kujiuliza kwanza: tundu hili ni la kupita au la kushika?

Kumbukeni pia: tundu dogo hupanuliwa, tundu kubwa halirudi kuwa dogo. Pima, fikiri, kisha toboa. Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi, atuombee tufanye kazi kwa uaminifu.

MASWALI

1. Kwa nini kifuniko cha kwanza hakikulala juu ya kinu?
2. Fundi alimzuia kijana asikaze kwa nguvu. Kwa nini?
3. Skrubu ya milimeta 12 ina mwendo wa 1,75. Tundu la kushika litobolewe kiasi gani?
4. Tazama bawaba ya mlango wa darasa lenu. Tundu la kupita liko wapi? Skrubu inashika wapi?