Kiatu cha Safari Hujulikana Mteremkoni

Mtu atokaye Eldoret kuelekea Iten huwa bado yuko katika nchi ya juu yenye baridi, kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari. Hapo Iten nchi hukatika ghafula. Mbele ya macho yake hufunguka Bonde la Kerio, na njia za miguu za ukingo wa Elgeyo hushuka zaidi ya mita 1,000 mpaka kwenye joto la bondeni. Kaskazini iko milima ya Cherangani, ipitayo mita 3,000. Na ng'ambo ya Kitale uko Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Koitoboss kina mita 4,222. Katika safari za namna hiyo, kiongozi wa njia, mbeba mizigo na mgeni wao wote hutegemea kitu kimoja, nacho ni kiatu.

Wanunuzi wengi wa buti hutazama bei na sura tu, kisha hutembea hatua chache sakafuni, wakaridhika. Lakini sakafu ya duka ni tambarare, nayo haisemi kweli yote. Mteremkoni uzito wa mwili na wa mzigo husukuma mguu mbele, na kiatu kifupi hupiga vidole kila hatua. Baada ya saa chache kucha huwa nyeusi na malengelenge hupasuka. Aliyeumia katikati ya mteremko hawezi kuendelea wala kurudi upesi. Na juu ya Elgon, kuchelewa huweza kuwa kulala katika baridi ya kugandisha maji. Kwa hiyo yampasa mnunuzi akijaribu kiatu kana kwamba ameanza kushuka.

Kwanza, na aende kununua jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa, kama ivimbavyo safarini. Achukue soksi nene atakazovaa njiani, avae viatu vyote viwili, na achague kwa kipimo cha mguu ulio mkubwa zaidi.

Pili, kabla ya kufunga kamba, asukume mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja. Kisha afunge kamba na kusimama juu ya ngazi au ubao ulioinama, uso ukielekea chini. Vidole vikigusa ncha, kiatu hicho hakimfai, hata kikiwa cha bei nafuu namna gani. Ageuke apande: kisigino kikiinuka sana ndani ya kiatu, kitachubuka.

Tatu, achunguze soli. Iwe na meno marefu yaliyoachana, ili itupe tope la miezi ya mvua. Akikikunja kiatu, kikunjike penye mzizi wa vidole, si katikati ya unyayo. Akikisokota kama nguo inayokamuliwa, kipinge. Shingo ya kiatu ikipita kifundo, huzuia mawe na miiba, na humsaidia mwenye mzigo mzito.

Hapa yafaa neno kwa mwenye kununua mitumba. Buti nyingi zina, kati ya ngozi na meno ya soli, povu liitwalo poliurethani. Unyevu wa hewa hulivunja povu hilo pole pole, hata kama kiatu kimekaa kabatini miaka mingi bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti yaweza kung'aa kama mpya, kisha soli ikabanduka yote siku ya kwanza ya safari. Mnunuzi na abonyeze ubavu wa soli kwa ukucha: likinata, likipasuka au kumeguka kama mkate mkavu, akiache. Buti ya ngozi iliyoshonwa soli yake hufaa zaidi, kwa maana fundi aweza kuishona upya.

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Kiatu kipya cha ngozi hakipelekwi mlimani siku ile ile. Kivaliwe kwanza nyumbani, kisha sokoni na shambani, muda wa wiki mbili, mpaka kizoee mguu. Soksi za sufi ni bora kuliko za pamba, kwa sababu pamba hushika maji na kulainisha ngozi ya mguu. Kabla ya kushuka, kamba zikazwe vizuri penye kifundo, ili mguu usiteleze mbele. Kiatu kilicholowa kijazwe magazeti na kukaushwa kivulini. Moto hupasua ngozi na kulegeza gundi.

Mwisho, wanaopanga safari na wakumbuke mbeba mizigo. Mara nyingi mwenye kubeba kilo nyingi kuliko wote huvaa kiatu kibovu kuliko vyote, naye ndiye ambaye mteremko humsukuma kwa nguvu zaidi. Viatu vya kundi zima vikaguliwe siku kadhaa kabla ya kuondoka, vya wabebaji vikiwa vya kwanza. Maana penye njia ya mawe, mbali na gari na duka, msafara wote huenda kwa mwendo wa yule mwenye miguu mibovu.